Mkanda wa Saba wa Tambarare

Daktari Ilomo Chaula alikuwa mtu wa kufurahi kwa mwili mzima. Likimpata jambo la kumpendeza, mabega yake yalicheka kabla ya mdomo, na asubuhi ile ya Julai, mwaka 2094, mabega hayakutulia hata kidogo. Aliingia chumba cha vipimo bila kubisha hodi, masweta mawili mwilini, kikombe cha chai mkono mmoja na karatasi mkono wa pili.

"Kamwene, mama wa vipimo! Mlima wetu kwenye mchoro unatoka mkanda wa nane. Wiki ijayo uko mkanda wa saba."

Gwantwa Mwambeta, mpimaji mkuu wa Kituo cha Nyamatala kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, aliitika salamu bila kuinua macho.

"Mbona hufurahi? Mkanda wa saba ndio safi kuliko yote! Miaka minane haujatetereka. Nawaambia watu, huyu dada mikanda mingine anaipima, ule anaubembeleza."

"Nafurahi," alisema Gwantwa.

Ukutani nyuma yake palibandikwa mchoro wa Tambarare, chanzo cha redio cha mbali angani. Ulikuwa nukta kumi na mbili tu, moja kwa kila mkanda wa masafa yaliyosikilizwa na masahani ya redio ya Nyamatala, ya chini kushoto, ya juu kulia. Vyanzo vya redio vya mbinguni kwa kawaida vina adabu zao: hupiga kelele kwenye masafa ya chini, na kadiri unavyopanda ndivyo vinavyonyamaza, mteremko kama wa paa la nyumba. Tambarare haikufundwa hivyo. Ilikuwa ndogo mno, nukta isiyo na upana hata kwa masahani makubwa, na sauti yake ilikuwa sawa kila mkanda. Watu wa kijiji walipoonyeshwa mchoro ule ulionyooka kama uwanda wao ndio walioipa jina. Kwa nini iko hivyo? Chaula alikuwa amelipa swali hilo miaka ishirini ya maisha yake, ndoa moja, na nywele zote za utosini.

"Nieleze tena ile ya viazi," Gwantwa alisema. Alitaka muda wa kufikiri, na alijua Chaula hakatai.

"Sikiliza. Mtu wa mjini akienda soko la Uyole anakuta viazi Januari, anakuta Mei, anakuta Oktoba, magunia yale yale. Anasema, lo, huko milimani kuna shamba lisilolala. Shamba hilo halipo. Yapo mashamba mengi kwenye mlima mmoja. La bondeni linaiva mapema, la katikati linafuata, la huku kwetu kwenye baridi linaiva mwisho. Kila shamba lina mwezi wake mmoja wa kujaa. Jumlisha yote, unapata usawa."

"Na Tambarare?"

"Ndani ya Tambarare kuna shimo jeusi, na pembeni mwake unachomoka mkondo wa gesi na sumaku. Pale unapoanzia, gesi imebanana. Masafa ya chini yakizaliwa humo yanamezwa humo humo, yanayotoka ni ya juu tu. Mbele kidogo mkondo umepanuka, yanatoka ya kati. Mbele zaidi, ya chini. Kila kipande kina mkanda wake kinakosikika vizuri. Sisi tuko mbali, tunaona nukta moja, tunasikia vipande vyote kwa pamoja, tunasema ni tambarare."

"Na nani aliyepanga kila kipande kitoe magunia sawa?"

"Hapo ndipo wapinzani wanaponicheka! Wanasema haiwezekani bila njama. Njama ya nini? Ni gesi ile ile inasafiri. Ikipanuka inafifia, lakini eneo lake linakua, hiki kinafidia kile. Na sasa nina shahidi. Aprili lilitoka donge jipya, likauinua mkanda wa kumi na mbili, ndio huo mlima. Likashuka kumi na moja, kumi, tisa, nane, kama mtu anayeteremka ngazi. Tukiliona linapita wa saba, basi vipande vyote ni mkondo mmoja, na mimi nastaafu nikalime."

"Tukilikosa kwenye wa saba, tukaliona kwenye wa sita?"

"Treni imeingia handakini, treni imetoka upande wa pili. Mpinzani atauliza, nani kaona kuwa ni moja?" Chaula alimaliza chai yake kwa mkupuo. "Lakini hatutalikosa. Tuna wewe."

*

Ukweli ni kwamba mkanda wa saba haukutetereka kwa sababu haukupimwa.

Kila asubuhi kwa miaka minane Gwantwa alichukua namba ya mkanda wa sita na ya mkanda wa nane, akajumlisha, akagawa kwa mbili, akaandika. Ukishajua kwamba jambo ni tambarare, kujaza pengo lake ni kazi ya penseli. Hakuna aliyeshangaa. Namba ilikaa mahali ambapo kila mtu aliitarajia, na watu hawakagui kinachokuja kama kilivyotarajiwa, hata wenye shahada tatu.

Alifanya hivyo kwa ajili ya shangazi yake.

Satelaiti zilipoijaza anga hata sauti za mbinguni zikafunikwa, nchi zilitenga Kanda za Kimya, na uwanda wa Nyamatala ulikuwa mmojawapo. Watu wa huko walipigiana simu za waya. Mgeni aliacha vyombo vyake getini ndani ya sanduku la chuma. Sheria ilikuwa fupi: kinachotoa mawimbi kitoke ukandani, na kama kimo mwilini mwa mtu, basi kitoke na mtu wake.

Shangazi Subilaga, dada wa baba yake Gwantwa, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Moyo wake ulipoanza kukosea mapigo, madaktari wa mjini walimwekea kilinzi chini ya mfupa wa bega. Kilinzi hakikuusukuma moyo. Kazi yake ilikuwa kuusikiliza na kupeleka kila pigo kwenye sanduku la zahanati, ili mambo yakiharibika nesi ajue na ajue ni kwa namna gani. Kunong'ona kwake kulifika zahanati kwa shida. Lakini masahani yanayosikia kitu kilichoondoka angani kabla dunia haijaumbwa yaliusikia mnong'ono ule kama ngoma mlangoni, na ulikaa katikati ya mkanda wa saba.

Sheria ingemhamishia Subilaga mjini, ghorofa ya nne, yeye ambaye hajalala usiku mmoja pasipo moshi wa jiko lake mwenyewe. Basi nesi Twambilile akanyamaza, Gwantwa akachonga penseli, na kijiji kikaangalia pembeni. Haukuwa uongo wa tamaa. Gwantwa hakuwahi kuujutia, hadi mlima ulipoanza kuja.

Kujaza nukta tulivu ni jambo moja, na kumchorea mtu mlima aliousubiri miaka ishirini ni jambo jingine kabisa. Alasiri ile ile alimkuta Chaula chini ya sahani la nne akikagua nyaya, akamwambia yote bila kupumzika.

Mabega ya Chaula yalitulia. Akaketi kwenye msingi wa zege.

"Miaka minane," alisema.

"Miaka minane."

"Nimeandika makala nne juu ya mkanda ule."

"Nimezisoma. Ni nzuri."

Akacheka bila kutaka, kisha akasugua utosi. "Hicho kilinzi. Kinazimika?"

"Chaula."

"Nauliza tu. Saa saba. Tambarare siku hizi inachomoza saa tatu asubuhi, inazama saa kumi. Kisha kinawashwa."

"Na moyo ukikosea ndani ya hizo saa saba?"

"Basi sikuuliza," alisema Chaula. Lakini alikuwa ameuliza, na wote wawili walijua.

*

Subilaga alikuwa jikoni akichagua mbegu za viazi, nzima huku, zenye doa kule.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Una uso wa mtu aliyevunja chungu cha watu. Keti."

Gwantwa alikuwa amepanga kusema nusu tu: kwamba atakiri kwenye Baraza la Ukanda, na kwamba huenda shangazi akahamishwa, amsamehe. Habari ya kuzima kilinzi aliapa kutoigusa. Lakini mtu aliyekuogesha ukiwa mdogo hamfichi nusu. Maswali matano tu, na jambo zima likawa mezani pamoja na viazi.

"Ngoja kwanza," alisema Subilaga. "Mimi niliambiwa nina kibali."

"Hukuwa nacho."

"Na Twambilile anajua?"

"Anajua."

"Na majirani?"

"Wote. Labda mchungaji ndiye hajui."

Subilaga aliweka kiazi chini polepole. "Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Haya, nyinyi mmenificha mimi maradhi yangu mwenyewe. Kijiji kizima kina siri yangu, ila mimi sina! Mlinionaje, Gwantwa? Mtoto?"

"Tuliogopa utaondoka mwenyewe ukijua."

"Ningeondoka, ndiyo. Au nisingeondoka. Lakini lingekuwa langu." Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye udongo. Gwantwa aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona kwa namba zozote za uongo.

Maji ya chai yalichemka. Subilaga aliyaepua, akamimina vikombe viwili, na alipoketi tena sauti yake ilikuwa imerudi.

"Kizime."

"Sikuja kuomba hilo, shangazi."

"Najua. Mimi ndiye ninayesema. Nilikuwa na miaka thelathini walipoleta ukanda huu. Nilikuwa na redio ndogo nyekundu, nasikiliza taarabu nikipalilia. Nikaitoa. Simu yangu nikaitoa. Mume wangu alifariki Tunduma, habari ikanifikia siku ya tatu, kwa barua. Yote hayo nyinyi mpate kumsikia huyo Tambarare wenu. Nimemnyamazia maisha yangu yote. Unadhani sitaki kujua anasema nini?"

Gwantwa aliinua kikombe chake.

"Ila moyo ni wangu," Subilaga aliendelea. "Mkishakizima, msikiwashe mpaka niseme mimi. Umesikia?"

Gwantwa alikunywa chai. Shangazi alichukua ukimya huo kuwa ndiyo, na Gwantwa akamwacha auchukue.

*

Walichagua Alhamisi, kwa sababu hesabu za Chaula zilisema kilele kitapita siku hiyo, na Alhamisi zahanati haina kliniki ya watoto.

Saa tatu kamili nesi Twambilile alipitisha kifunguo bapa juu ya mfupa wa bega la Subilaga, na taa ya kijani ya sanduku ikazimika. Akavuta kigoda, akashika kifundo cha mkono wa mgonjwa kwa vidole vitatu, akatazama saa ya ukutani. Kwenye sinia palikuwa na sindano mbili. Moja ni ya moyo unaokimbia ovyo, nyingine ya moyo unaozembea, na ukichoma ile isiyo yake umeua.

Gwantwa alishika mkonga wa simu ya waya. Upande wa pili alikuwa Chaula, chumba cha vipimo.

"Anasemaje?" aliuliza Subilaga kila baada ya dakika kumi.

"Chaula anasema mkanda ni mweupe kama karatasi."

"Sasa?"

"Anasema nukta ya kwanza imeingia. Iko juu ya mstari."

"Juu ni vizuri?"

"Juu ndiko tunakotaka iwe, shangazi."

Saa ya pili, saa ya tatu. Nukta zilikuja moja moja, kila moja imepanda kidogo kuliko mwenzake, na mkononi mwa Gwantwa simu ilicheka, ikaimba wimbo wa kwaya, ikacheka tena. Subilaga alikula ndizi. Alimsimulia Twambilile jinsi mama yake Twambilile alivyoanguka mtoni siku ya kipaimara na viatu vipya. Ilikuwa asubuhi njema, na Gwantwa aliona haya kidogo kwa jinsi alivyokuwa na furaha.

Saa nane na robo vidole vya Twambilile vilikaza.

"Unaruka," alisema kwa sauti ndogo.

"Unaruka vipi?"

"Sijui. Umeruka mara mbili, sasa umekuwa mwembamba, siukamati. Sijui unakimbia au unazembea. Kwa kidole sijui, Gwantwa! Kilinzi ndicho kinachojua."

Midomo ya Subilaga ilikuwa imepauka. "Bado," alisema. "Hajazama."

Masikioni Chaula alikuwa akisema, hana habari, "Tunakaribia kileleni, mama wa vipimo, saa moja na dakika arobaini na tano tu, nipe hizo..."

"Bado," alisema Subilaga. "Umeniahidi."

Hakuwa amemwahidi. Alikuwa amenyamaza tu, na kunyamaza huko kulimdai sasa na riba. Alikumbuka jiko, na lile neno, lingekuwa langu. Mwanamke huyu alinyang'anywa miaka minane ya kujiamulia, na sasa alikuwa ameamua, wazi, akili timamu. Na Gwantwa alimtaka hai. Hilo tu ndilo lililobaki alipochambua yote, wala hakujaribu kulipamba.

Akachukua kifunguo, akakipitisha begani.

Taa ya kijani ikawaka. Sanduku likalia, na maandishi yakatokea: unakimbia. Twambilile alikuwa ameshachukua sindano.

Simu ilipiga yowe. "Mama yangu! Mkanda umejaa! Umejaa wote, sioni..." Kilichokuwa mbele ya Chaula kwenye kioo, kikiruka juu na chini mahali pa Tambarare, hakikuhitaji kuelezwa.

"Namwona," alisema baadaye, taratibu. "Gwantwa, namwona huku. Moyo umechafuka, umechafuka... Ngoja. Unapungua kasi. Sasa unapiga. Unapiga sawa. Mwambie Twambilile unapiga sawa."

Gwantwa alitaka kumwambia, lakini alikuwa analia.

*

Siku mbili Subilaga hakumsemesha. Akitaka chumvi, alimwambia Twambilile amwambie Gwantwa. Siku ya tatu alisema, kwa kutazama dirishani, "Ulifanya vibaya," na baada ya kitambo, "Chai yako haina sukari," na hapo Gwantwa akajua ameanza kusamehewa.

Kilele cha mlima hawakukiona. Lakini saa tano zilitosha kuonyesha donge likipanda ndani ya mkanda wa saba, kwa mwendo ule ule lilioshuka nao tangu Aprili, na siku kumi na moja baadaye likaingia wa sita kwa siku iliyokadiriwa. Wapinzani walituma barua ya kurasa tisa ambayo ukiisoma vizuri ilikuwa pongezi.

Gwantwa hakusubiri pongezi. Alisimama mbele ya Baraza akasema yote, kuanzia penseli ya kwanza. Alivuliwa ukuu wa vipimo. Mwenyekiti alipofika kwenye suala la kumhamisha Subilaga, Chaula aliomba neno.

"Waheshimiwa, tulikuwa tunahitaji mkanda wa saba kwa sababu hatukujua kwa nini Tambarare ni tambarare. Sasa tunajua. Donge likitoka wa nane, liko njiani kwenda wa sita, tulione tusilione. Tumeingia handakini mara moja, tumeiona treni. Ule mkanda hatuuhitaji tena. Wapeni wenye mioyo."

Baraza lilikaa mwezi mzima, kama mabaraza yanavyokaa, likakubali. Wiki ile ile watu kumi na wanne wa ukanda ule walijitokeza kuandikisha vilinzi walivyokuwa wamevizima na kuvificha kwa kuogopa kuhamishwa. Wa kumi na nne alikuwa mchungaji.

Ikabaki kazi ya kusafisha orodha ya mkanda wa saba, na Gwantwa aliifanyia nyumbani kwa shangazi, karibu na moto. Namba elfu mbili mia tisa na kumi na moja, zote za kufuta. Kila pengo lilitaka sababu kwenye safu ya mwisho: mvua, radi, hitilafu ya chombo. Hakuna iliyofaa. Alifikiri, kisha akaandika kwa mkono, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu: *Palikuwa na mtu.* Aliridhika nayo. Ilikuwa kweli, na ilikuwa muda mrefu tangu aandike kweli kwenye safu ile.

Subilaga alivaa miwani, akainama begani kwake, akasoma.

"Mtu gani?" aliuliza.

"Wewe, shangazi."

"Sasa mimi sina jina?"

Gwantwa alimtazama. Akafuta zile tatu, akarudi siku ya kwanza, akaandika: *Palikuwa na Subilaga Mwambeta.* Shangazi alivuta kigoda karibu, akakaa kuhakikisha linaandikwa mara zote.